Kipimo cha Jumatatu kimeshuka: ni mashine au ni slabu?

SWALI

Shikamooni wakubwa wa safu hii.

Mimi ni mwanafizikia tiba, mwaka wa pili kazini tangu nimalize shahada ya uzamili. Kituo chetu ni kipya, kipo mji wa nyanda za juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Tuna LINAC moja (mashine ya kutibu saratani kwa mionzi) yenye miale ya nishati mbili, 6 MV na 10 MV. Kifaa cha kukagulia mashine asubuhi kilikufa mwezi uliopita na tunangoja vipuri, kwa hiyo kila siku natumia chemba ya Farmer (kifaa kidogo chenye hewa cha kupimia mionzi) ya sentimita za ujazo 0.6 ndani ya slabu za plastiki: kina sm 10, eneo la 10 kwa 10, sm 100 kutoka chanzo hadi uso wa slabu, MU 100 (MU ni kizio ambacho mashine huhesabia miale inayotoa).

Wiki iliyopita umeme ulikatika Jumamosi mchana. Jenereta ilibeba mashine na chila yake (mtambo wa kuipoza) tu, viyoyozi vikazima mpaka alfajiri ya Jumatatu. Saa 12:40 asubuhi nilitoa slabu stoo, nikapanga, nikapima. Elektromita, kifaa kinachosoma chaji ya chemba, ilisoma 9.92 nC (nanokulombi). Kipimajoto cha ukutani kilikuwa 21.0, barometa 83.0 kPa. Baada ya masahihisho nilipata 12.15, wakati namba yetu ya msingi ni 12.50, yaani chini kwa asilimia 2.8. Kwa 10 MV ilikuwa chini kwa 2.7. Usomaji wa kwanza kabisa ulikuwa 10.06, nikautupa kwa sababu uliofuata ulishuka kidogo kidogo hadi ukatulia kwenye 9.92.

Mhandisi wa kampuni alikuwepo kwa matengenezo. Akasema hilo ni jambo la dakika tano, tupandishe mashine asilimia 3 tuendelee, wagonjwa 31 wanasubiri. Msimamizi wangu yupo safarini. Nilikataa, lakini nilitibu, na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Saa 11 jioni nilipima tena kwa slabu zilezile zilizoshinda chumbani: 10.04 nC, joto la ukutani 21.0, barometa 82.7, nikapata chini kwa 1.3. Mashine imejirekebisha yenyewe? Nimefungua programu ya hali ya hewa kwenye simu kuhakiki barometa, nayo inasema 1016 hPa, nikachanganyikiwa zaidi.

Maswali yangu: nilikosea kutibu? Tatizo liko wapi? Na la pili, mwajiri anasema shahada ya uzamili inatosha, hakuna haja ya mafunzo mengine ya hospitalini. La tatu, mkuu wa idara anataka niandike pendekezo la utafiti kuhusu akili mnemba, na mimi sina hata kompyuta ya maana.

Mpima Chemba, Nyanda za Juu

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Umetuandikia namba zote, hata ile uliyoitupa, na hiyo imeturahisishia kazi kuliko unavyodhani.

Tuanze na kinachokunyima usingizi. Hukukosea kutibu. Mwongozo ambao vituo vingi hufuata, TG-142 wa chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, uliotolewa mwaka 2009, unaweka ukomo wa asilimia 3 kwa ukaguzi wa kila siku, 2 kwa wa kila mwezi na 1 kwa wa mwaka. Ulikuwa 2.8. Hapo unatibu, unaandika, na siku hiyohiyo unatafuta sababu. Ungekuwa umevuka 3, mgonjwa wa kwanza asingepanda kitandani mpaka upime upya kwa njia nyingine. Na ulivyomzuia mhandisi ndivyo hasa ilivyotakiwa, kwa sababu tukizisoma namba zako tunaona mashine yako haikushuka asilimia 2.8. Kilichoshuka ni msongamano wa hewa ndani ya chemba.

Chemba ya Farmer iko wazi kwa hewa ya nje. Ndani ya kile kitundu chake kuna hewa, na chaji unayoisoma hutegemea uzito wa hewa hiyo. Hewa ikipata joto hutanuka, chembe zinapungua, na chaji inapungua pamoja nazo. Ndiyo maana tunazidisha kwa kTP, yaani (273.2 + T) ÷ 293.2, kisha mara 101.325 ÷ P (P ni mgandamizo wa hewa kwa kPa), ikiwa cheti chako cha ugezi, kile cha maabara iliyolinganisha chemba yako na kipimo cha rejea, kimeandikwa kwa nyuzi 20. T katika hesabu hiyo ni joto la hewa iliyo ndani ya chemba. Ukuta hauhusiki. Chemba ikiwa katikati ya slabu, joto lake ni la slabu, na slabu zako zililala siku mbili kwenye stoo isiyo na kiyoyozi.

Hatukuwepo, kwa hiyo joto la slabu tunalikisia, lakini hebu tujaribu nyuzi 27. Kwa 83.0 kPa, kTP yake ni 1.250, ilhali wewe kwa 21.0 ulitumia 1.225. Usomaji wako wa 9.92 unakuwa 12.40, na tofauti na 12.50 inabaki asilimia 0.8 tu. Sasa njoo jioni. Slabu zilishinda kwenye chumba cha nyuzi 21, zikapoa. Tuseme zilifika 22.5. Kwa 82.7 kPa kTP ni 1.236, na 10.04 inakuwa 12.41. Chini kwa 0.8 tena. Asubuhi na jioni zinakubaliana, na mashine haikujirekebisha chochote. Plastiki nene hupoa polepole mno, ndiyo maana hata jioni ulikuwa bado na nusu asilimia ya uongo.

Na ile 10.06 uliyoitupa? Chemba ilitoka kwenye boksi lake ikiwa na joto la chumba, ukaiingiza kwenye slabu za moto. Ikawa inapata joto dakika baada ya dakika na usomaji unashuka mpaka ukatulia kwenye 9.92. Usomaji unaoteremka taratibu kwa upande mmoja bila kurudi juu ndiyo alama ya joto. Mashine inayoyumba kweli hupanda na kushuka bila mpangilio. Usiutupe usomaji wa namna hiyo. Uandike pamoja na saa.

Kuna ushahidi mwingine kwenye barua yako ambao hukuutaja kama ushahidi: 6 MV na 10 MV zilishuka karibu sawasawa. Mashine nyingi zina marekebisho ya dozi ya kila nishati peke yake, na ni nadra zote mbili ziteleze kwa kiasi kilekile usiku mmoja. Kipimo kikiharibika, chenyewe huharibu kila kitu kwa uwiano mmoja. Utauliza, je, chemba za ndani ya mashine zikivuja? Kwenye mashine ambazo chemba hizo zimezibwa, uvujaji huathiri kweli nishati zote. Lakini kwenye mwinuko wako zingevuja kuelekea hewa nyepesi ya nje, zingehesabu kidogo kuliko ukweli, na mashine ingelazimika kutoa miale zaidi kutimiza MU 100. Dozi ingepanda. Yako ilionekana kushuka, basi hilo nalo tuliweke kando kwa sasa, ila ukianza kuona dozi inapanda wiki hadi wiki na kufuata barometa, mwite mhandisi bila kuchelewa.

Sasa fikiria mngemsikiliza mhandisi. Mngepandisha asilimia 3 asubuhi ile, na slabu zingepoa kama zilivyopoa. Kila mgonjwa angekuwa anapata asilimia 2 na ushei juu ya alichoandikiwa, kwenye miale yote, hadi mtu apime upya. Si maafa, lakini ni kosa ambalo lingetengenezwa na watu wawili wenye nia njema kwenye mashine iliyokuwa nzima.

Kuhusu simu: ifunge hiyo programu. Watabiri wa hali ya hewa hupeleka mgandamizo wa hewa kwenye usawa wa bahari ili ramani za miji yote zilingane. 1016 hPa ni 101.6 kPa, namba ya pwani. Hewa unayoivuta wewe ni ya 83. Ungeiweka 101.6 kwenye jedwali lako, dozi ingeonekana chini kwa asilimia 18, na mtu wa kupandisha mashine angeipandisha kwa asilimia 22. Hatari hii haiko Dar es Salaam wala Mombasa, ambako namba hizo mbili karibu ni moja. Iko kwenu, iko Nairobi, iko kila kituo cha nyanda za juu, na vitabu vingi vilivyoandikwa tambarare havikutahadharishi. Maombi ya namba ya mgandamizo kutoka uwanja wa ndege nayo yana mtego huohuo: omba namba ya kituo, ile ambayo haijapelekwa usawa wa bahari, na uwaambie hivyo waziwazi.

Barometa yako yenyewe inaonekana nzima. Huku kwetu ukanda wa joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari: unakuwa juu karibu na saa 4 asubuhi na unafika chini karibu na saa 10 jioni, tofauti ikiwa kama 0.3 au 0.4 kPa. Wewe ulipata 83.0 asubuhi na 82.7 jioni, sawa kabisa. Siku barometa ikikuonyesha imeruka 2 kPa kati ya asubuhi na jioni bila dhoruba yoyote, kilichobadilika ni barometa. Kumbuka vipimo viwili vya haraka: kosa la 1 kPa kwenu ni asilimia 1.2 ya dozi, na kosa la nyuzi 1 ni asilimia 0.34.

Dawa ya slabu ni ya bei ndogo. Zihamishie kwenye chumba cha matibabu, kwenye rafu, zisitoke tena. Tafuta kipimajoto cha kidijitali chenye ncha nyembamba, na ncha hiyo iingie kwenye tundu la slabu ya chemba kabla ya chemba. Kama kuna slabu ya pili yenye tundu, iache humo muda wote. Ukiweka chemba, subiri dakika 10 hadi 15, piga MU 500 za kuamshia, kisha soma mara tatu. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 0.2 na zinaelekea upande mmoja, joto halijatulia, ongeza subira. Kwenye daftari ongeza safu mbili: joto la slabu na joto la ukuta, kila siku, hata kama zinafanana. Wiki ya kukatika umeme utajua thamani yake.

Lakini slabu ni za kukagua mwenendo tu. Hiyo 0.8 iliyobaki huwezi kuihukumu kwa plastiki. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, unaoitwa TRS-398, uliotoka mwaka 2000 na kupitiwa upya mwaka 2024, unataka kipimo cha rejea cha miale ya fotoni kifanyike kwenye maji, na sababu mojawapo ni hiihii: plastiki hutofautiana toleo kwa toleo na joto lake hulijui. Kwa hiyo wiki hii, jioni wagonjwa wakiisha, fanya hivi.

Jaza fantomu ya maji (tangi linalochukua nafasi ya mwili wa mgonjwa) ya sm 30 kila upande usiku wa kuamkia siku ya kupima, uifunike, uiache chumbani. Maji yakitoka bombani na kupimwa saa hiyohiyo yatakupa tatizo lilelile la slabu. Hakikisha gantri (mkono wa mashine unaozunguka) ipo sifuri kwa pima-maji, usiamini skrini. Weka umbali wa sm 100 hadi uso wa maji kwa kijiti cha kupimia, na katikati ya chemba iwe kina cha sm 10 kamili. Hapa ndipo wengi huharibu: milimita 1 ya kina kwa 6 MV ni kama nusu asilimia ya dozi au zaidi kidogo, na ukiutazama uso wa maji kwa juu badala ya usawa wake unaikosa milimita hiyo kirahisi. Maji pia hukauka. Kazi ikienda saa tatu kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, rudi upime uso wa maji kabla ya usomaji wa mwisho.

Pima uvujaji wa kebo bila miale kwa dakika mbili. MU 100 kwa kasi ya MU 600 kwa dakika huchukua sekunde 10, na chaji yako ni kama nC 10, basi mkondo ni kama nanoampea 1. Uvujaji ukizidi elfu moja ya hapo, yaani pikoampea 1, tafuta unyevu kwenye kiungio cha kebo. Kikaushe, kifunike, usikiguse ndani kwa kidole. Kisha tano za MU 100 kwa volti 300, tano kwa volti 100, tano kwa volti 300 zilizogeuzwa chanya kuwa hasi. Kila ukibadilisha volti subiri dakika kadhaa na upige MU za kuamshia, vinginevyo utakuwa unapima mshtuko wa chemba. Uwiano wa usomaji wa 300 kwa 100 ukiwa 1.008, sahihisho la chaji zinazopotea kwa kuungana tena ni kama 1.004: toa moja, gawa kwa mbili. Ukipata 1.02 kwenye miale ya kawaida, simama. Ama volti hazifiki kwenye chemba, ama umesahau kuamsha.

Kabla ya kuzidisha na namba ya ugezi, chukua cheti na usome mambo matatu: namba ya chemba ni ileile iliyochongwa kwenye shina lake? Namba hiyo ni ya chemba peke yake au ya chemba pamoja na elektromita? Joto la rejea ni 20 au 22? Vyeti vya IAEA na maabara nyingi hutumia 20, vya Marekani 22, na kuchanganya kunakupa asilimia 0.7 bila mtu yeyote kushtuka. Angalia pia kama elektromita yenyewe imewashwa isahihishe joto na mgandamizo. Kwenu kusahihisha mara mbili kunaongeza zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo utaliona, lakini yapo masahihisho ya mara mbili ambayo hayaonekani. Hospitali moja huko North Staffordshire, Uingereza, kati ya 1982 na 1991, wafanyakazi walikuwa wanasahihisha umbali kwa mkono wakati programu ya kompyuta tayari ilikuwa inasahihisha. Wagonjwa zaidi ya 1,000 walipata dozi pungufu.

Kama mna chanzo kidogo cha strontiamu 90 cha kukagulia chemba, kitumie kabla na baada, ukikumbuka kwamba hupungua kama asilimia 2.4 kwa mwaka. Kama hamna, weka chemba ya pili mahali pale pale na uandike uwiano wa chemba mbili. Uwiano huo haujui joto wala mgandamizo, ukihama ujue chemba moja imeumwa.

Maji yakikuambia 0.8, au 1.1, iache mashine ilivyo. Yakivuka 2, subiri mtu wa pili. Kurekebisha dozi ya mashine ni kazi ya wanafizikia wawili: mmoja anapima, mwingine anapima upya kwa chemba nyingine na anafanya hesabu zake kwenye karatasi yake bila kuangalia jedwali la mwenzake, halafu mhandisi anageuza, halafu mnapima tena na wote mnaweka sahihi. Msimamizi akiwa mbali, hesabu anaweza kuzifanya huko aliko kutoka namba ghafi ulizompigia picha. Si urasimu. San José, Costa Rica, mwaka 1996, baada ya kubadilisha chanzo cha kobalti, dakika 0.3 ilichukuliwa kuwa sekunde 30, ambapo ni 18. Mashine ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo, muda wa kila mgonjwa ukaongezwa, na watu 115 walizidishiwa dozi kwa zaidi ya nusu. Karatasi ya pili ya mtu wa pili ingelikamata kosa hilo dakika ileile.

Halafu kuna jicho la nje. IAEA pamoja na Shirika la Afya Duniani wamekuwa wakikagua dozi za hospitali kwa posta tangu 1969. Wanakutumia vidonge vidogo vya kuhisi mionzi, unaviweka kwenye maji, unavipiga dozi ya 2 Gy (grei) kwa hesabu zako mwenyewe, unavirudisha maabara ya Seibersdorf, Austria. Ukiwa nje ya asilimia 5 wanakurudia kabla hujatulia. Kituo kipya ambacho hakijafanyiwa ukaguzi huo kiuombe mwezi huu.

Kwa daktari wako siku kama ile, maneno machache yanatosha, na uyaandike kwenye daftari: "Daktari, kipimo kiko chini kwa 2.8, ukomo wa leo ni 3. Tunatibu, jioni napima kwenye maji, hadi hapo hakuna atakayegusa dozi ya mashine." Mhandisi naye apewe nakala. Wengi wao ni watu waungwana, ila kazi yao ni mashine. Dozi ni yako.

Mafunzo. Mwajiri wako amekosea, na jambo hili halihitaji ubishi mrefu, linahitaji karatasi. IAEA imeandika wazi, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu kazi za mwanafizikia tiba, kwamba anayefanya kazi peke yake na wagonjwa anatakiwa awe na shahada ya fizikia au uhandisi, shahada ya juu ya fizikia tiba, na juu ya hayo angalau miaka 2 ya mafunzo ya vitendo hospitalini yaliyopangwa na kusimamiwa. Miaka 2 ya kukaa kazini peke yako haihesabiki kuwa mafunzo. Kitabu cha kupangia mafunzo hayo kwa tibamionzi kipo tangu 2009, TCS-37. Cha picha za uchunguzi ni TCS-47 cha mwaka uliofuata. Vyote vinapatikana bure. Usingoje mwajiri: kichukue TCS-37, anza kujaza daftari la umahiri, kila kazi uliyoifanya, tarehe, namba, makosa na nani alihakiki. Barua yako hii na majibu ya maji tayari ni ukurasa wake wa kwanza.

Msimamizi wa mbali ni bora kuliko kutokuwa naye, lakini mambo kama kupokea mashine mpya na brakitherapi (tiba ya kuweka chanzo cha mionzi ndani ya mwili) hayafundishiki kwa simu. Hayo yaombee miezi mitatu au sita kwenye kituo kikubwa. Nafasi za ufadhili za IAEA hupitia ofisi ya taifa inayoshughulikia shirika hilo, kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, na fomu hujazwa kwenye mfumo wa InTouch+. Andika unataka kujifunza kitu gani hasa, kwa mashine gani iliyopo kwenu. Ombi la "kujenga uwezo" hukaa chini ya rundo. Na kwa wadogo zako ambao bado hawana shahada ya pili: ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, na Chuo Kikuu cha Trieste, Italia, wana programu ya miaka 2 iliyoanza 2014 kwa ajili ya watu wa nchi zetu, mwaka wa pili ukiwa ndani ya hospitali.

Utafiti. Kwa akili mnemba tutakuwa wafupi. Kufunza programu ichore viungo kunahitaji picha nyingi zilizochorwa vizuri na wataalamu wanaokubaliana, na kituo chenu ni kipya. Mkuu wa idara anataka jina la kituo lionekane, jambo zuri. Mpe kitu ambacho mnacho na wengine hawana.

Mnacho mwinuko, umeme unaokatika na slabu. Tia vipimajoto vitatu kwenye rundo la slabu, juu, katikati na chini, viwe vinarekodi kila dakika 5. Zipashe stoo hadi 27, zihamishie chumba cha 21, upime chaji kila nusu saa hadi zitulie. Rudia mara tano, halafu fanya hivyohivyo kwa maji. Mwishoni una mchoro unaomwambia kila mwanafizikia wa nyanda za juu asubiri saa ngapi baada ya kiyoyozi kurudi. Hakuna mgonjwa ndani yake, kwa hiyo ruhusa ni nyepesi, na gharama ni vipimajoto.

La pili, kama idara ya picha inakuita mara kwa mara, ni CT yenu ya kupangia matibabu. Programu ya kupangia hubadilisha namba za CT kuwa msongamano wa elektroni kwa jedwali ambalo mara nyingi limetengenezwa kwa kV 120. Fundi akishusha hadi 80 au 100 kwa mgonjwa mwembamba, maji yatabaki karibu na sifuri, mapafu karibu yaleyale, lakini mfupa mnene utapanda kwa mamia ya namba na dozi nyuma yake ikakosewa kwa asilimia moja hivi. Piga fantomu yenye vipande vya mfupa na mapafu kwa kV zote mnazotumia, mara moja kwa mwezi kwa miezi 6. Maji yawe ndani ya 0 ± 5. Andika ni siku ngapi kV ilibadilishwa bila tibamionzi kuambiwa. Tunakisia hiyo ndiyo sehemu ya makala itakayosomwa sana.

Na kama wanataka jambo la wagonjwa, kusanya dozi za CT za kichwa, kifua na tumbo, angalau wagonjwa 20 kwa kila uchunguzi, ukiandika CTDIvol na DLP (namba mbili za dozi ambazo CT huonyesha) kutoka skrini pamoja na uzito wao. Tumia namba ya katikati, usitumie wastani, maana mgonjwa mmoja aliyerudiwa mara tatu huuvuta wastani wote. Hiyo ipitishe kamati ya maadili kabla hujafungua faili la kwanza.

Tukirudi Jumatatu yako: tutumie usomaji wa maji pamoja na joto la slabu la siku kumi mfululizo, namba ghafi, bila kusahihisha. Na utuambie cheti chako kinasema 20 au 22.